Kiti cha Kurithi na Kiti cha Dhamana: Njia ya Chifu Adam Sapi Mkwawa katika Uongozi wa Taifa

Utangulizi: Swali la Mgololo

Mgololo, katika wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ni mahali ambapo karibu kila mtu ametoka mahali pengine. Kiwanda cha karatasi kilichojengwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuanza uzalishaji mwaka 1985, kilipangwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka kutokana na miti ya msitu wa Sao Hill. Kiliwakusanya Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa na watu wa mikoa ya mbali, kikawafanya jumuiya moja ya wafanyakazi. Baadaye kiwanda kiliyumba, na katika miaka ya 2000 kikabinafsishwa. Lakini jumuiya iliyozaliwa na kiwanda haikufa. Katika jumuiya ya namna hiyo hakuna aliyerithi kitu. Mtambo haumuulizi mtu ukoo wake, na viongozi wa shina na tawi huchaguliwa na watu ambao baba zao hawakujuana.

Hata hivyo, Mgololo imo katika Iringa, na katika Iringa jina la Mkwawa halichuji. Ndiyo maana katika madarasa ya itikadi vijana huuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: kama babu alikuwa Mtwa wa Wahehe, na mjukuu akawa Spika wa Bunge la Taifa, je, hiyo si dalili kwamba uongozi umo katika damu?

Swali hili si la mchezo. Anayelijibu "ndiyo" amekwisha kukubali kwamba mtoto wa fundi mitambo wa Mgololo hawezi kuongoza ila kwa hisani ya wenye majina. Anayelijibu "hapana" kwa haraka, bila kuichunguza historia, hatakuwa na la kusema atakapoulizwa kwa nini mjukuu wa Mkwawa alikikalia kiti cha Spika kwa karibu miaka 30. Makada hatuna budi kulijibu swali hili kwa hoja, si kwa kaulimbiu.

Katika makala haya tunaifuata njia ya Chifu Adam Sapi Mkwawa tangu kuzaliwa kwake mwaka 1920. Tunadai jambo moja tu: katika maisha yake alikalia viti viwili vya aina mbili zilizo kinyume. Kiti cha kwanza alikipata kwa kuzaliwa, nacho, pamoja na heshima yake yote, kilikuwa kimefungwa mikono na mkoloni. Kiti cha pili alikipata kwa kuchaguliwa na wenzake, na ni hicho kilichomfanya kiongozi wa Taifa. Kati ya viti hivyo viwili damu yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mfumo wa jamii.

Mtoto wa nyumba iliyovunjwa

Mwaka 1920, alipozaliwa Adam Sapi, Uhehe ilikuwa nchi iliyokwisha kutawaliwa na wakoloni wawili kwa zamu. Babu yake, Mkwavinyika, ambaye Taifa linamjua kwa jina la Mkwawa, alikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wake Emil von Zelewski akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa aliendelea na vita vya porini kwa karibu miaka minne, hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa na adui.

Hapa tunapenda kuwakumbusha wasomaji tarehe moja ambayo mara nyingi husahauliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kuanza kufanya kazi. Ulianza kufanya kazi Januari 1920. Yaani mwaka ule ule aliozaliwa mjukuu ndio mwaka ambao fuvu la babu lilipaswa kurudi. Halikurudi. Waingereza, waliokuwa wamelidai fuvu hilo huko Ulaya, walikuwa sasa watawala wa Tanganyika, na mambo yao mengine yalikuwa ya haraka zaidi.

Kwa hiyo mtoto huyu hakuzaliwa katika enzi, kama wasimuliaji wengine wanavyopenda kusema. Alizaliwa katika nyumba iliyovunjwa. Enzi ya Munyigumba na Mkwawa ilijengwa kwa mkuki, kwa mapatano na kwa utii wa watu wengi, nayo ilikwisha mwaka 1898. Kilichobaki kilikuwa jina, na jina peke yake halikusanyi kodi wala halilindi shamba.

Mkoloni Mwingereza aliliona jina hilo, akaona faida yake. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya Serikali za Wenyeji, iliyoweka mfumo wa kutawala kwa kupitia machifu. Maafisa wachache wa Kiingereza wasingeweza kuitawala nchi kubwa kama Tanganyika kwa gharama ndogo bila ya kuwatumia watawala wa kienyeji. Palipokuwa na chifu, alifufuliwa. Pasipokuwa na chifu, alitengenezwa. Katika Uhehe palikuwa na jina kubwa kupita majina yote, na kiti cha Mkwawa kikarudishwa kwa mwanawe, Sapi. Lakini kiti kile hakikurudi na mamlaka yake ya zamani. Kilirudi kikiwa ofisi ya chini katika serikali ya Gavana.

Wakoloni hawakuishia hapo. Walitaka pia elimu ya kuwalea watawala wa aina hiyo. Tabora ilikuwapo shule iliyolenga watoto wa machifu kutoka nchi nzima. Na hapa Mufindi, katika wilaya hii hii ya Mgololo, mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali chini ya mwalimu Mwingereza W. B. Mumford. Ilikuwa shule ya majaribio: wanafunzi walivaa vazi la kienyeji, walishindana kurusha mikuki, na wazee walikaribishwa kuwafundisha mila. Mtu anaweza kusema kwamba hilo lilikuwa jambo jema, maana liliheshimu utamaduni wetu. Sisi tunasema: utamaduni unaoheshimiwa na mkoloni ni ule tu usiomuuliza kwa nini anatawala. Mkuki uliofundishwa shuleni ulikuwa mchezo. Mkuki wa Lugalo ulikuwa kosa la kunyongewa. Katika miaka ile ile ambayo vijana walifundishwa kujivunia ukabila wao, mashamba ya chai ya walowezi yalikuwa yanaenea katika vilima vya Mufindi.

Haya ndiyo mazingira aliyokulia Adam Sapi: jina kubwa, kiti kidogo, na mkoloni aliyetaka vyote viwili vibaki hivyo.

Chifu wa Gavana

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 20, Adam Sapi aliwekwa kuwa chifu wa Wahehe. Tujiulize: chifu wa wakati ule alikuwa na kazi gani? Alisimamia ukusanyaji wa kodi. Aliendesha mahakama za kienyeji. Alitangaza na kutekeleza amri za serikali kuhusu kilimo, mifugo na kazi. Alilipwa mshahara. Aliwekwa kwa kibali cha serikali na angeweza kuondolewa na serikali hiyo hiyo. Mbele ya watu wake alionekana mtawala, na mbele ya Bwana Shauri alikuwa mtumishi.

Hatusemi haya ili kumdharau. Mtu hachagui mfumo anaozaliwa ndani yake. Tunasema ili ieleweke kwamba kiti cha kurithi, katika mikono ya ukoloni, hakikuwa na uwezo wa kumkomboa hata mrithi mwenyewe, sembuse watu wake. Chifu mwema aliweza kupunguza makali ya amri, kusuluhisha ugomvi kwa haki na kuwatetea watu wake kwa maneno ya upole. Lakini hakuweza kuikataa kodi, wala kuuliza ardhi ya Mufindi imekwendaje kwa mlowezi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika ngazi ya nchi nzima. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, nalo kwa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 Gavana aliwateua Waafrika wawili wa kwanza, nao wote walikuwa machifu: Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame. Wa tatu, mwaka 1947, alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wa nne, mwaka 1948, alikuwa Juma Mwindadi, ambaye hakuwa chifu.

Makada wachunguze mpango huo. Waafrika waliokuwa wengi kupita wote nchini walipewa viti vinne, na viti vitatu kati ya hivyo walipewa machifu. Mkoloni aliamini kwamba chifu angesema kwa niaba ya kabila lake, si kwa niaba ya Tanganyika. Baraza liliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima wa Uhehe asingeielewa hata kama angeruhusiwa kusikiliza. Kwa hiyo hata pale alipotoka Iringa na kuingia katika baraza la nchi, Adam Sapi alikwenda kwa tiketi ya kuzaliwa, na tiketi ile ilikuwa imegongwa muhuri wa Gavana.

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili. Katika baraza lile alijifunza kazi ambayo hakuna ukoo unaoirithisha: jinsi muswada unavyosomwa, jinsi hoja inavyotolewa na kujibiwa, jinsi kanuni za kikao zinavyomlinda msemaji dhaifu dhidi ya msemaji mwenye sauti kubwa. Mkoloni alidhani anamfundisha chifu utii, kumbe alikuwa anamfundisha mtu utaratibu wa Bunge. Mara nyingi mfumo unaokandamiza huwapa watu, bila kukusudia, zana za kuuondoa.

Siku 18 za mwaka 1954

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, Ujerumani, na kulichagua katika makumbusho ya huko fuvu lililosemekana kuwa la Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu hilo mbele ya umati mkubwa. Ahadi ya miezi sita ilikuwa imechukua miaka 34. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ahadi ndiye aliyelipokea, sasa akiwa mtu mzima na chifu.

Kwa Wahehe siku ile ilikuwa ya machozi na ya fahari, na sisi hatuna sababu ya kuwapunguzia heshima hiyo. Lakini swali la kada ni hili: kwa nini mwaka 1954, na si mwaka 1920? Jibu liko kaskazini. Katika Kenya vita vya Mau Mau vilikuwa vinaendelea tangu mwaka 1952. Waingereza walihitaji makabila yenye sifa ya vita yabaki upande wao, na yatoe askari. Fuvu la shujaa aliyepigana na Wajerumani lilikuwa zawadi isiyomgharimu Mwingereza chochote. Shujaa yule yule ambaye, kama angekuwa hai, angepigana na Mwingereza kwa sababu zile zile, alirudishwa nyumbani ili kuwatuliza wajukuu wake.

Sasa tuhesabu siku. Kutoka tarehe 19 Juni hadi tarehe 7 Julai 1954 ni siku 18. Siku ya kumi na nane baada ya sherehe ya Kalenga, watu wachache walikutana Dar es Salaam na kuunda TANU, Julius Nyerere akiwa Rais wake. Hawakuwa na fuvu, wala mkuki, wala gwaride. Walikuwa na katiba ya chama na madai ya uhuru.

Katika siku hizo 18 yamo mambo yote tunayotaka kuyasema. Katika Kalenga mamlaka yalikuwa yakitolewa na Gavana na kupokelewa na mrithi. Katika Dar es Salaam mamlaka yalikuwa yakijengwa na wanachama na kukabidhiwa kwa mtu waliyemchagua. Sherehe ya kwanza iliangalia nyuma, kwenye ushujaa wa mtu mmoja wa kabila moja. Mkutano wa pili uliangalia mbele, kwenye nchi ambayo ilikuwa bado haijapata kuwapo. Wakati ule sherehe ya kwanza ndiyo iliyoonekana kubwa. Miaka saba baadaye ilijulikana ipi ilikuwa kubwa.

Machifu katika njia panda

Ukoloni haukukubali kushindwa bila ya kujaribu kuwatumia machifu. Mwaka 1957 serikali iliunda Mkutano wa Machifu wa nchi nzima, kwa matumaini kwamba ungekuwa ukuta dhidi ya TANU. Ukuta huo ulikuwa na nyufa tangu mwanzo, kwa sababu chifu mwenye macho aliona kwamba watu wake walikuwa wamekwisha kwenda kwenye mikutano ya Chama.

Machifu waliokutana na wimbi hilo hawakulipokea kwa namna moja. Thomas Marealle, aliyekuwa Mangi Mkuu wa Wachagga tangu miaka ya mwanzo ya 1950, alikuwa msomi na mtu mwenye maendeleo, lakini mwaka 1960 Wachagga wenyewe walipiga kura na cheo chake kikaondoka. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe aliingia katika serikali ya kwanza ya uhuru kama waziri, akajiuzulu mwaka 1963, na baadaye siasa ya vyama vingi iliporudi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vyama vipya. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki, lakini hakudai uongozi wa nchi kwa kiti cha Butiama. Aliudai kwa kadi ya uanachama. Watoto wa machifu walikuwa wengi. Waliofika mbali hawakufika kwa sababu ya jambo lililowafanya wafanane.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Spika aliyekuwapo, Abdulkarim Karimjee, alimaliza kazi yake mwishoni mwa mwaka 1962, na mwezi Novemba mwaka huo, wiki chache kabla ya nchi kuwa Jamhuri, Bunge lilimchagua Adam Sapi Mkwawa kuwa Spika. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Hakuna sheria iliyosema mjukuu wa Mkwawa awe Spika. Wabunge walimtaka mtu anayezijua kanuni, mwenye utulivu, ambaye watu wa pande zote wangemwamini. Kama angekosa sifa hizo, jina la babu yake lisingemsaidia.

Halafu likaja jambo ambalo tunaona ndilo kipimo cha njia yake yote. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta uchifu kama chombo cha utawala. Bunge lililovifuta viti vya machifu lilikuwa na Spika aliyekuwa chifu. Kiti alichokirithi kilifutwa na kikao kilichokuwa chini ya kiti alichochaguliwa.

Sehemu nyingine za Afrika jambo la namna hii liligawanya nchi. Katika Uganda, mvutano baina ya Kabaka wa Buganda na serikali kuu uliishia katika mapigano ya mwaka 1966. Kwetu hapakumwagika damu. Watu waliendelea kumwita "Chifu Adam Sapi" kwa heshima hadi mwisho wa maisha yake, lakini neno hilo halikuwa na askari wala kodi nyuma yake. Lilikuwa heshima tu, na heshima ya hiari haimdhuru mtu.

Kazi ya kiti, na mipaka yake

Kiti cha Spika ni kiti cha ajabu. Anayekikalia huongoza mjadala bila ya kujadili. Humpa nafasi mtu asiyempenda na kumkatiza mtu anayempenda. Chifu wa kikoloni alizoea kusema ili watu wasikilize. Spika kazi yake ni kusikiliza ili watu waseme. Kila Bunge jipya linapoanza, kiti hurudi mikononi mwa wabunge, nao huchagua upya. Adam Sapi alikishika tangu mwaka 1962 hadi 1973. Kisha kikashikwa na Erasto Mang'enya hadi 1975, na hapo Adam Sapi akarudi na kukishika hadi Aprili 1994. Hata hili la kutoka na kurudi linafundisha. Uchifu hauna likizo, kwa kuwa unadai kuwa mali ya mtu. Dhamana huweza kukabidhiwa mwingine na kurudishwa, kwa kuwa si mali ya mtu.

Lakini sisi hatuandiki sifa, tunaandika historia. Hatuna budi kukiri kwamba kiti hicho kilifanya kazi katika mipaka, na mipaka mingine iliwekwa na Chama chetu wenyewe. Katiba ya mwaka 1965 ilileta mfumo wa chama kimoja. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, baadhi yao kutoka Nyanda hizi hizi za Juu Kusini, na kwa kuwa mbunge asiyekuwa mwanachama hakuwa na kiti, wakatoka Bungeni. Mwaka 1975, wakati Mang'enya akiwa Spika, Katiba ilibadilishwa ili kutamka wazi ukuu wa Chama juu ya vyombo vyote vya dola. Zilikuwapo sababu za wakati ule: taifa lilikuwa changa, na umoja ulionekana kuwa silaha ya kwanza. Hata hivyo, Bunge ambalo mbunge anaweza kupoteza kiti chake kwa uamuzi wa kikao kilicho nje ya Bunge hukosa ujasiri, na Spika hodari kupita wote hawezi kuwapa wabunge ujasiri ambao mfumo umewanyima.

Gharama ya kutosikiliza haikuonekana Bungeni tu. Mkoani Iringa kwenyewe, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Klerruu aliuawa huko Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi wakati wa utekelezaji wa vijiji vya ujamaa. Mauaji ni mauaji, nasi hatuyatetei. Sheria ilichukua mkondo wake, na Mwamwindi akanyongwa. Lakini kada anayelisoma tukio hilo kama ukaidi wa mtu mmoja tu amekosa somo. Mwongozo wa TANU, uliotolewa Februari mwaka ule ule wa 1971, ulikwisha kuonya juu ya viongozi wenye majivuno, wababaishaji na wakandamizaji. Amri isiyokuwa na masikio humrudisha kiongozi wa wananchi katika kiti cha Bwana Shauri, hata kama mfukoni ana kadi ya Chama.

Mwaka 1984 Katiba iliingiza haki za binadamu. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyoruhusu tena vyama vingi. Katika mabadiliko yote mawili Spika alikuwa Adam Sapi. Kwa hiyo chini ya kiti chake zilipita sheria iliyofuta machifu, katiba iliyoleta chama kimoja, na marekebisho yaliyokiondoa chama kimoja. Mtu anayedhani kwamba kiti ni mali yake angeanguka katika mojawapo ya zamu hizo. Yeye hakuanguka, kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza, tangu mwaka 1963, kuona kiti alichokikalia kikibadilishwa na wenye nacho.

Alifariki tarehe 25 Juni 1999. Ukoo wake umeendelea kukitunza kiti cha mila huko Kalenga, na hiyo ni haki yao. Kiti cha Spika hakikumfuata mtoto wake. Kilikwenda kwa Pius Msekwa wa Ukerewe, kisha kwa Samuel Sitta wa Urambo. Mwaka 2010 kilikwenda kwa Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kukikalia, na mwaka 2022 kwa Tulia Ackson wa Mbeya. Nyanda za Juu Kusini zimetoa Spika mara tatu, na wa pili na wa tatu hawakuwa wa ukoo wa Mkwawa.

Mafunzo kwa makada

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo manne.

La kwanza, ushujaa haurithiwi, unakumbukwa. Lugalo ni mali ya Watanzania wote, na mtoto wa Mgololo ambaye baba yake alitoka Kigoma au Lindi ana haki nayo sawa na mtu aliyezaliwa Kalenga. Anayeitumia Lugalo kuombea cheo anafanya alichofanya Twining mwaka 1954.

La pili, tukisimulia maisha ya kiongozi tueleze vyombo alivyopitia: mabaraza, vikao, Chama, kazi. Wasifu unaoanza na ukoo na kuishia na vyeo ni wasifu wa kikabaila, hata ukiandikwa kwa maneno ya kimapinduzi. Hili lina uzito wa pekee sasa, kwa sababu katika chaguzi zetu zimekwisha kusikika sauti zinazomnadi mgombea kwa jina la baba yake. Mtoto wa kiongozi asinyimwe haki ya kugombea, na asipewe kura hata moja kwa sababu hiyo.

La tatu, cheo ni dhamana, na dhamana hujulikana siku ya kuirudisha. Kiongozi ambaye hajawahi kukubali chombo chake kipunguze madaraka yake hatujui bado ni kiongozi wa aina gani.

La nne, kusikiliza ni kazi ya kisiasa. Tawi ambalo mwenyekiti wake husema kwa saa mbili na wanachama kwa dakika kumi ni baraza la chifu wa Gavana. Wanachama wanaotoka hapo watakwenda kutafuta mahali pengine pa kusemea, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Sasa tunaweza kulijibu swali la Mgololo. Uongozi haumo katika damu. Kama ungekuwa katika damu, Adam Sapi angekuwa kiongozi wa Taifa mwaka 1940, alipokalia kiti cha babu zake. Wakati ule alikuwa mtumishi wa Gavana. Alikuja kuwa kiongozi wa Taifa mwaka 1962, pale watu waliokuwa na uwezo wa kumkataa walipoamua kumchagua. Na mtoto wa fundi mitambo anayeketi leo katika kikao cha tawi, akingoja zamu yake ya kusema, yuko katika njia hiyo hiyo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba zamu yake inafika.